Maana utaiuliza baadaye

"Wasikiliza nini na wala huelewi?" Wateja huniuliza hivyo, majirani pia, na hata mwanangu, kwa sababu pale ninaposhonea cherehani, hapa Malindi, muziki hauchagui lugha. Huwajibu kwamba kule kutoelewa ndiko kunakonipumzisha.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa mafumbo. Ikipigwa taarabu ya Kiswahili sikio halitulii: anasemwa nani? Huyo kunguru ni mke mwenza au ni jirani? Ubeti haujaisha umeshageuka mpelelezi, na sauti ya mwimbaji, na fidla iliyokuwa ikimjibu, zote zimekupita. Wimbo wa lugha ngeni haukusemi wewe wala haumsemi umjuaye. Ndipo unapomsikia mwimbaji akivuta pumzi, akikwaruza kidogo mwisho wa mstari, akimngoja mpiga ngoma.

Kwa hiyo usikimbilie tafsiri. Ukianza nayo, wimbo utausoma badala ya kuusikiliza. Halafu nyimbo nyingi za mapenzi, zikishatafsiriwa, ni yale yale: moyo, macho, usiku, umeniacha. Kinachomliza mtu hakimo humo.

Ukitaka kulifunza sikio, anza na Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975. Si mwepesi, nakuambia mapema, maana wimbo wake mmoja jukwaani waweza kufika saa nzima. Lakini mwangalie afanyavyo. Huchukua mstari mmoja akaurudia, na kila akiurudia huupeleka kwingine, huku watu ukumbini wakipiga kelele wakitaka tena. Kwa miaka mingi matamasha yake yalirushwa redioni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na mawimbi hayo yalivuka mipaka ya Misri. Mimi humuweka nikiwa na nguo ya kutarizi, kazi isiyotaka haraka. Ukishamzoea, rudi kwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, umsikie akipiga udi. Utagundua mengi aliyokuwa akiyafanya ambayo ulikuwa ukiyaruka ili uwahi maneno.

Kwa nyimbo za Kihindi njia ni fupi zaidi, kwani tuliingizwa zamani. Juma Bhalo wa Mombasa alitia tungo za Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi, na wazee wetu wakazicheza harusini. Chukua mmoja wa nyimbo zake za aina hiyo, unaoujua kwa moyo, uutafute ule wa Kihindi uliotangulia. Mahadhi unayo tayari, basi sikio liko huru kufuata tabla, zile ngoma ndogo za Kihindi. Na yule nyota anayefungua mdomo kwenye skrini, mara nyingi siye aimbaye. Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa bila sura yake kuonekana.

Kilingala sina la kumfundisha Mkenya. Bendi za Zaire zilipiga kambi Nairobi miaka ya 1970 na 1980, Super Mazembe ikiwa mojawapo, na tumekua nazo. Ngoja sebene tu, kile kipande cha kuchezea. Hapo gitaa hushika usukani, na maneno hata mwimbaji mwenyewe huyaweka kando.

Kiitaliano ndicho cha mji huu. Utakisikia hotelini, ufuoni, hata kwa muuza vinyago. Uzuri wake kwetu ni kwamba maneno yake mengi huishia kwa irabu kama ya kwetu, hivyo kumfuata mwimbaji si kazi ngumu. Na Waitaliano wenyewe wana ushahidi mzuri kuliko wangu. Mwaka 1972 Adriano Celentano alitoa wimbo ambao karibu maneno yake yote hayana maana katika lugha yoyote. Aliyatunga yavume tu kama Kiingereza cha Wamarekani. Watu waliupenda, na mpaka leo unachezwa. Anayeniambia wimbo ni maana humtajia huo, kisha naendelea kushona.

Ukishapata unaoupenda, shika kiitikio kwa mlio wake. Kiimbe jikoni, kikosee, hakuna anayekusahihisha. Kikishakaa mdomoni ndipo utafute maana, na kama waweza, muulize mtu badala ya simu. Programu za kutafsiri huvunja ushairi vipande, na hazitakuambia kama mstari ni wa kubembeleza au wa kejeli. Kijana wa ufuoni aliyeongea na Waitaliano tangu utotoni atakueleza kwa bei ya kikombe cha kahawa, tena atakuimbia, utake usitake.

Ila kuna mahali ambapo maana huulizwa kabla, nako ni harusini. Nimeshuhudia maharusi wakiingia ukumbini kwa wimbo wa Kiitaliano mtamu kabisa, kinanda kikilia polepole, akina mama wakipiga vigelegele, na meza moja ya nyuma watu wamejiinamia wakicheka. Ulikuwa wimbo wa mke anayemuaga mumewe, anaondoka asirudi tena. Mpiga muziki aliuchagua kwa sauti, na kwa sauti hakukosea. Basi kabla hujampa orodha yako, utafutie kila wimbo mtu wa kukuambia unasema nini. Ukimkosa, pigeni chakacha.