Kabla ya Kubadili Kompaila ya Mfumo Ulio Thabiti

Vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Lamu huniuliza mara kwa mara kwa nini seva ya ushirika wa mashua ninayoihudumia ingali inatumia GCC 12, yaani toleo la 12 la kompaila ya GCC (kompaila ni programu inayogeuza msimbo, maandishi ya mwandishi wa programu, kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta), ilhali matoleo mapya zaidi yamekwisha kutoka. Seva hiyo inaendeshwa na Debian 12, toleo la mfumo endeshi wa Linux uitwao Debian, lililotoka Juni 2023, na kompaila hiyo ndiyo iliyokuja nayo. Maktaba na vifurushi vya mfumo vilijengwa na kujaribiwa pamoja nayo, na uthabiti tunaousifu umetokana na kule kujaribiwa pamoja. Anayeing'oa na kupachika nyingine, hata iliyo bora, hujitoa katika mpango ambao wengi wameukagua, na hitilafu itakayozuka huenda ikawa yake peke yake. Kwetu, ambako kifaa cha akiba huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, jambo hilo lina uzito wake.

Ninashauri kwanza kuuliza ni programu ipi hasa inayoihitaji kompaila mpya, na kwa nini. Sababu za kweli zipo: msimbo wa C++20 (toleo la mwaka 2020 la lugha ya C++) ambao kompaila ya zamani haiuelewi vyema, au kosa linalojulikana la kompaila lenye kuzalisha programu mbovu. Kasi isiyopimwa si sababu. Usalama pia si sababu kwa kawaida, kwa kuwa marekebisho yake huletwa ndani ya toleo thabiti lenyewe.

Linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni msimbo wa zamani. GCC 14, iliyotoka mwaka 2024 na ambayo ndiyo kompaila ya Debian 13, hukataa programu ya lugha ya C inayoita fungsheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) isiyotangazwa kwanza. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kilikwisha kuliondoa jambo hilo, lakini kwa miaka mingi kompaila iliridhika kutoa onyo na kuendelea. Ukali huu nauunga mkono, kwani fungsheni isiyotangazwa hudhaniwa kuwa inarudisha namba ya biti 32, na ikiwa kwa hakika inarudisha anwani ya biti 64, nusu ya anwani hupotea na programu huanguka mahali pasipotazamiwa. Kompaila inapoikataa programu, kosa angalau huonekana. Linalonitia hofu zaidi ni skripti za zamani za usanidi, ambazo hukompaili vipande vidogo vya majaribio ili kujua mfumo una uwezo gani. Kipande kikikataliwa kwa sababu ya uandishi wake mbovu, skripti huamua kwamba uwezo huo haupo, na programu hujengwa ikiwa pungufu pasipo ujumbe wowote.

Kompaila mpya ikihitajika kweli, iwekwe kando ya ile ya mfumo, wala isichukue nafasi yake. Debian huzipa kompaila zake majina yenye namba, hivyo gcc-11 na gcc-12 hukaa pamoja bila kugombana. Red Hat, watengenezaji wa mfumo mwingine wa Linux, nao huziweka kompaila mpya ndani ya saraka ya /opt/rh kwa ajili hiyo hiyo. Ila programu isijengwe ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) la Debian 13 kisha ikatarajiwa kuendeshwa kwenye Debian 12, kwa kuwa yaelekea itadai maktaba mpya zisizokuwepo huko. Moduli za kerneli (vipande vinavyoongezwa kwenye kiini cha mfumo endeshi) nazo zijengwe kwa kompaila ile ile iliyoijenga kerneli.

Kwa seva yangu nimeamua kwamba kompaila itabadilika pamoja na mfumo mzima, na muda upo, maana usaidizi wa muda mrefu wa Debian 12 umepangwa kuendelea hadi Juni 2028. Kwa sasa ninaikompaili kila programu yetu kwa GCC 12 hii hii, huku nikiiamuru ihesabu onyo la fungsheni zisizotangazwa kuwa kosa, na ninasahihisha faili moja baada ya nyingine.