Injini moja, Iringa hadi Ruaha

Dada, umeuliza kama injini ikizima njiani kwenda Ruaha ndege ndogo itaanguka kama jiwe. Hapana. Mabawa ndiyo yanayoibeba, injini huisukuma tu. Ndege ndogo aina ya Cessna 172 ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi, upepo ukiwa shwari, huteleza hewani kilomita 9 hivi huku rubani akitafuta pa kutua.

Cha kuogopa zaidi ni uzito na joto. Uwanja wa ndege wa Nduli, hapo Iringa, uko mita 1,400 na ushee juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa jua huzidi kuwa nyepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu ya kurukia. Panda ndege ya asubuhi. Taja uzito halisi, wako na wa begi. Hakikisha kampuni ina cheti cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Rubani akiahirisha kwa ukungu, tafadhali usimshinikize.