Kwa nini modeli haikuiona misukosuko nyuma ya mlima?

Swali: Ninarusha ndege ndogo ya injini moja, na njia yangu hukatiza safu ya milima inayoinuka kama mita 1,000 juu ya bonde. Asubuhi moja, modeli ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa, yenye gridi ya kilomita 9 (yaani inayoigawa ramani kwa vyumba vya kilomita 9), ilionyesha upepo wa noti 25 usawa wa vilele, na mbingu ilikuwa safi. Tulipovuka tu, ndege ilirushwa juu na chini hadi nikahofia mabawa. Kilomita chache mbele hewa ikatulia kabisa. Je, modeli ilikosea? Nikilipia utabiri wa kilomita 1, nitayaona haya mapema? Na tukifunga kipimaupepo, tukifunge wapi?

Jibu: Ndugu rubani, huenda zile noti 25 modeli ilizipata sawasawa. Kilichokutikisa hasa ni jinsi hewa ilivyojipanga kitabaka siku ile, na mshale wa upepo kwenye ramani hauonyeshi hilo.

Hewa yenye matabaka tulivu ikisukumwa juu ya mlima hupoa na kuwa nzito kuliko hewa iliyo jirani nayo. Ikifika upande wa demani, yaani nyuma ya mlima ambako upepo unaelekea, huporomoka, hupitiliza, kisha hupanda tena. Hayo ndiyo mawimbi ya mlima, na urefu wake, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kingine, unaweza kuukadiria mwenyewe kwa kalamu. Zidisha kasi ya upepo kwa 6.28, kisha gawa kwa N, yaani kipimo cha jinsi hewa inavyong'ang'ania kurudi kwenye tabaka lake. Noti 25 ni kama mita 13 kwa sekunde. Joto likipungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, N huwa karibu 0.01, na wimbi hufika kilomita 8 hivi. Asubuhi na mapema, pale ambapo joto halipungui kabisa unapopanda, N hukaribia 0.018 na wimbi hufupika hadi kilomita 4 na nusu.

Sasa rudi kwenye gridi yako. Ili modeli ichore wimbi bila kuliponda, inahitaji vyumba sita au saba vya gridi kwa urefu wa wimbi hilo. Kwa gridi ya kilomita 9, hiyo ni zaidi ya kilomita 50. Wimbi lako lilipita kama dagaa kwenye wavu wa papa. Isitoshe, mlima wenyewe umelainishwa ndani ya modeli, na kilele chembamba kinaweza kupoteza mamia ya mita.

Hesabu nyingine ninayoipenda zaidi ni nambari ya Froude: kasi ya upepo gawa kwa zao la N na kimo cha mlima. Kwa mlima wako inatoka karibu 1.3 hewa ikiwa ya kawaida, na 0.7 kwa asubuhi ile niliyoitaja. Ikishuka sana chini ya 1, hewa ya chini hushindwa kupanda, ikazunguka mlima au kupenya kwenye mapengo. Nambari zilizo jirani na 1 ndizo mbaya: mawimbi huwa makubwa, huweza kuvunjika huko juu, na upepo hushuka mteremko kwa kasi kuliko ule wa kileleni.

Chini ya kilele cha wimbi, upepo wa karibu na ardhi hupungua nguvu, hubanduka kwenye mteremko na kujiviringisha. Hiyo huitwa rota. Mwaka 2006 watafiti walipeleka ndege, rada na lida (kifaa kinachopima upepo kwa mwanga wa leza) kwenye bonde la Owens, California, kuichunguza kwa karibu. Rota si gurudumu moja kubwa linalozunguka taratibu. Ndani yake mna vizunguzungu vidogo vikali, na hivyo ndivyo vinavyoipiga ndege. Juu yake, ndani ya wimbi lenyewe, hewa huweza kuwa laini ajabu. Utulivu uliokutana nao mbele hauonyeshi kwamba hatari ilikuwa imekwisha bondeni.

Kuhusu kulipia kilomita 1, kwa maoni yangu si jambo la kwanza. Gridi hiyo inaanza tu kuona mawimbi ya kilomita 6 au 7. Vizunguzungu vya mamia ya mita haitaviona. Na ikipewa matabaka yasiyo sahihi, itakuchorea wimbi maridadi mahali lisipokuwepo. Afadhali utabiri wa makundi, ambapo modeli huendeshwa mara nyingi kwa hali za kuanzia zinazotofautiana kidogo, uone ni ngapi zinakubaliana.

Kabla ya hapo, soma vipimo vya puto la hali ya hewa lililorushwa upande wa goshini, yaani upande upepo unakotokea. Tafuta upepo wa noti 20 au zaidi usawa wa vilele, unaokata safu karibu na pembe mraba, tofauti isizidi nyuzi 30, na unaoongezeka unapopanda. Kisha angalia kama juu kidogo ya vilele kuna tabaka ambamo joto linaongezeka badala ya kupungua. Vyote vikikutana, mimi singevuka kwa kimo cha chini, hata kama hakuna wingu hata moja lenye umbo la dengu, ambalo huashiria mawimbi hayo. Hewa kavu haichori mawingu. Tarehe 5 Machi 1966, Boeing 707 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilivunjika angani kwa misukosuko karibu na mlima Fuji, Japani, mchana wa hali nzuri ya kuona. Watu wote 124 walikufa.

Kipimaupepo kifungeni juu ya ukingo wa safu, mbali na mwamba unaokikinga, na kiwekwe kuhifadhi upepo mkali wa sekunde 3 pamoja na wastani wa dakika 10, kwa sababu wastani peke yake huficha kila kitu. Bajeti ikiruhusu zaidi, nunueni vipimahewa viwili vinavyolingana, yaani vya kupima kanieneo (mgandamizo wa hewa), kimoja kila upande wa safu kwa kimo kimoja. Kanieneo ya demani ikianza kushuka kuliko ya goshini, ahirisha safari.