Maswali ya Wasomaji: Andiko la Utafiti Linalomshawishi Mfadhili

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhadhiri kijana katika chuo kikuu kimoja cha pwani, na utafiti wangu unahusu kilimo cha mwani Unguja. Nimeomba ruzuku kwa wafadhili wawili na wote wamenikatalia. Mhakiki mmoja aliandika kwamba umuhimu wa tatizo haubishaniwi, lakini haoni ni swali gani hasa litakalojibiwa. Andiko langu lina kurasa tano zinazoeleza maisha ya akina mama wanaolima mwani, mabadiliko ya tabianchi na kuporomoka kwa mavuno ya kotonii, mojawapo ya aina mbili za mwani tunazolima. Lengo langu la kwanza ni "kuchunguza athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo cha mwani Zanzibar". Kasoro iko wapi?
*M., Unguja*

JIBU: Ndugu M., mhakiki huyo amekusaidia sana, kwa kuwa amekubaliana nawe katika jambo moja na kukuonyesha lililobaki. Ukubwa wa tatizo ulikwisha kueleweka katika aya ya kwanza. Kurasa zilizofuata zimekula nafasi ya hoja yako. Anayehakiki maombi ya sayansi za bahari anajua tayari kwamba mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kwamba wakulima wengi ni wanawake, kwamba kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, ile aina ya pili, na kwamba hiyo kotonii ndiyo inayokufa maji yanapopata joto. Asilolijua ni kile utakachokigundua wewe baada ya miaka miwili na ambacho leo hakuna anayekijua.

Lengo lako la kwanza ni kubwa, lakini ukubwa si kasoro yake ya msingi. Kasoro ni kwamba hakuna matokeo yanayoweza kulikanusha. Mavuno yakipungua utasema umeona athari, yakiongezeka utasema umeona athari, na yakibaki yalivyo utasema athari bado hazijajitokeza. Swali linalomshawishi mhakiki ni lile lenye majibu yasiyopungua mawili yanayopingana, na kila jibu likiwa na hatua yake tofauti ya kuchukuliwa.

Tuchukue jambo lililo mikononi mwako. Wakulima na watafiti wamekuwa wakijaribu kuotesha kotonii kwenye maji ya kina, kwa maboya au kwa mirija ya nyavu, ili istahimili msimu wa kaskazi, maji yanapokuwa na joto. Tuseme inastahimili kweli. Kwa nini? Huenda ni kwa sababu maji ya huko yana joto dogo. Huenda pia ni kwa sababu mkondo unaiosha mimea, ukaiondolea magugu ya baharini yanayoing'ang'ania na kuiletea virutubisho. Liandike hivyo: je, kotonii ya maji ya kina huishi zaidi wakati wa kaskazi kwa sababu ya joto dogo, au kwa sababu ya nguvu ya mkondo? Ikiwa jibu ni joto, hakuna njia ila kwenda kwenye kina, na hapo suala la vyombo na la kujua kuogelea, ambalo kwa akina mama wengi ndilo kikwazo, halikwepeki. Ikiwa jibu ni mkondo, yako maeneo ya kina kifupi yenye mkondo mzuri ambayo mkulima anaweza kuyafikia kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na serikali inaweza kuyatenga kwa ajili ya kotonii bila kununua hata boti moja. Mhakiki akisoma hayo ataona mwenyewe umuhimu wa kazi, wala hutahitaji kumwambia kwamba ni muhimu.

Swali la namna hiyo hukupangia hata mbinu. Utahitaji maeneo ya kina chenye mkondo, kina kisicho na mkondo, kina kifupi chenye mkondo na kina kifupi kilichotulia. Hapa ndipo maandiko mengi ya ikolojia yanapoanguka, nami nakusihi upazingatie: kamba 60 zilizotandazwa katika ghuba moja hazihesabiki kuwa mashamba 60. Zote zinapata joto lile lile na mkondo ule ule, na mtaalamu wa takwimu aliye katika jopo atakuambia una shamba moja lililopimwa mara nyingi. Ni heri kamba chache katika ghuba kadhaa, pamoja na sentensi mbili za kueleza ulivyoifikia idadi hiyo. Andika pia utafanya nini mimea yote ikifa katika mwezi wa kwanza. Kwa swali hili kifo cha mmea si ajali inayoharibu mradi, bali ndicho kipimo chenyewe, mradi uwe umeamua mapema kuhesabu siku ambazo kila mche umeishi na kuweka kanuni ya lini miche mipya itapandwa.

Kisha itazame ratiba. Fedha za utafiti aghalabu huingia kwenye akaunti ya chuo miezi kadhaa baada ya barua ya pongezi. Mradi wa miaka miwili ulioandikwa uanze Oktoba unaweza kujikuta umeanza Machi, na kaskazi ya kwanza imekwisha kupita. Lako ni swali la kaskazi, na linahitaji kaskazi mbili ili mwaka mmoja usio wa kawaida usikupotoshe. Basi panga kazi kwa misimu, na uonyeshe kwamba umezingatia kalenda ya bamvua, ambayo ndiyo inayoamua lini timu yako inaweza kushuka shambani. Mwandishi anayejua maji yatatoka lini huaminika kuliko anayechora jedwali lenye miraba ya robo mwaka iliyolingana.

Fikiria pia namna andiko linavyosomwa. Utaratibu wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, umeelezwa hadharani na unafundisha hata asiyeomba huko. Ombi hukabidhiwa wahakiki wachache, mara nyingi watatu, walisome kwa kina. Wajumbe wengine wa jopo hutegemea sana maelezo ya hao. Alama hutolewa kuanzia 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Takriban nusu ya maombi hayajadiliwi kabisa kikaoni. Maelezo ya utafiti kwa ruzuku yao kuu, R01, yalipunguzwa mwaka 2010 kutoka kurasa 25 hadi 12, na malengo mahsusi yana ukurasa mmoja tu. Kwa hiyo unamwandikia mtu mmoja aliyechoka, ambaye baadaye atalazimika kukutetea mbele ya wenzake kwa dakika chache. Ukurasa wa kwanza umpe maneno ya kusema: swali ni hili, hakuna aliyelijibu kwa sababu hii, huyu anaweza kwa sababu hii, na tukijua jibu tutafanya hivi. Kabla ya kuuandika kwa Kiingereza, ueleze kwa sauti mbele ya kikundi cha wakulima wa mwani unaowafahamu. Wakikuuliza "kwani hilo hatulijui?", una kazi ya kurudia.

Kuhusu matokeo ya awali, usingoje kuwa na mengi. Vipima joto vichache vilivyoachwa majini kwa kaskazi moja, pamoja na uzito wa miche kabla na baada, vinatosha kuonyesha kwamba unajua kuingia shambani na kutoka na takwimu safi. Ruzuku ndogo zipo kwa kazi hiyo: Chama cha Sayansi za Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, ambacho makao yake yako hapo hapo Zanzibar, kimekuwa na mpango wa MARG kwa tafiti ndogo na ule wa MASMA kwa miradi mikubwa zaidi. Kuna hata wafadhili waliowahi kuliondoa kabisa sharti la kuwa na matokeo ya awali. Mpango wa Grand Challenges Explorations, ulioanzishwa na Gates Foundation mwaka 2008, ulipokea maombi ya kurasa mbili yasiyo na matokeo ya awali, na ruzuku yake ya mwanzo ilikuwa dola 100,000. Soma tangazo la kila mfadhili hadi mstari wa mwisho, kwa maana andiko zuri lililopelekwa kwa mfadhili asiyehusika na jambo hilo hukataliwa kabla halijasomwa.

Utakapoomba upya, jibu kila hoja ya mhakiki wako, hata ile unayoiona ya uonevu. Ukikubali, onyesha ulipobadilisha. Ukikataa, toa ushahidi kwa adabu.

SWALI: Mimi ni mtafiti wa udongo hapa Eldoret. Wenzangu wananishauri nipunguze bajeti ili nionekane mtu wa kubana matumizi. Je, bajeti ndogo huongeza nafasi ya kushinda?
*Dkt. K., Kenya*

JIBU: La, Daktari. Wahakiki wamewahi kufanya kazi hizo wenyewe, na wanajua sampuli 400 za udongo haziwezi kupimwa kwa fedha za sampuli 100. Bajeti iliyopunguzwa kwa hofu huwaambia mojawapo ya mambo mawili: hujawahi kufanya kazi hiyo, au hutaimaliza. Bajeti iliyojazwa bila maelezo nayo huharibu, hasa pale gari jipya linapochukua sehemu kubwa kuliko vipimo vya maabara. Kinachotakiwa ni kila shilingi iweze kufuatiliwa hadi kwenye kazi iliyotajwa katika mbinu, na kila kazi iliyotajwa katika mbinu ionekane kwenye bajeti.

Yako mambo ambayo watafiti wa kwetu huyasahau na baadaye huyalipia kutoka mifukoni mwao: ushuru wa forodha na ucheleweshaji wa vitendanishi bandarini, usafirishaji wa sampuli zinazohitaji ubaridi, fundi wa kurekebisha mashine, mafuta ya jenereta, ada za vibali, ada za kuchapisha makala, na kupanda au kushuka kwa thamani ya shilingi kati ya siku ya kuomba na siku ya kununua. Malipo ya wasaidizi wa utafiti yasiwe jambo la kufikiriwa mwishoni. Vijana wanaochimba udongo juani ndio wanaobeba ubora wa takwimu zako.

Jambo la mwisho ni gharama za uendeshaji za taasisi. Kwa taasisi zilizo nje ya Marekani, NIH imeweka ukomo wa asilimia 8 juu ya gharama za moja kwa moja kwa miaka mingi, ilhali kwa vyuo vikuu vya Marekani viwango vinavyozidi asilimia 50 si jambo geni. Chuo chako kinaweza kuwa na kiwango chake kinachopishana na cha mfadhili. Nenda kwa mhasibu wa chuo wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu sahihi inayokosekana siku ya mwisho imezuia maandiko mazuri sana.

SWALI: Profesa mmoja wa Ulaya ameniandikia akitaka jina langu kama mtafiti mwenza katika ombi linalofungwa baada ya siku tatu. Kazi yangu itakuwa kukusanya sampuli za damu hapa na kuzituma kwake. Nikubali?
*Mtafiti wa maabara, Mwanza*

JIBU: Kabla ya kukubali, mwombe andiko zima na ulisome. Kama halipatikani, jibu umelipata. Kama lipo, tazama ni nani aliyelibuni swali, uchambuzi utafanyika wapi, ni nani atakayesimamia takwimu, na fungu la Mwanza katika bajeti linatosha nini zaidi ya sindano na nauli. Una haki ya kuyauliza hayo bila kuona haya, na una mahali pa kusimamia: Kanuni ya Kimataifa ya Maadili kwa Utafiti katika Mazingira yenye Rasilimali Haba, iliyotolewa mwaka 2018 na kukubaliwa na Tume ya Ulaya kwa miradi inayoifadhili, inataka watafiti wa mahali husika washirikishwe katika hatua zote za utafiti, tangu kuupanga hadi kuuandika. Itaje kanuni hiyo kwa upole. Profesa mwenye nia njema hatakasirika.

Tena kuna la kisheria. Utafiti wa afya Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili, na kwa miradi ya aina hii ombi hupitia kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Sampuli haziondoki nchini bila mkataba wa kuzihamisha, unaosema zitatumika kwa kazi gani, zitahifadhiwa kwa muda gani na nini kitafanyika zikibaki. Ratiba isiyotenga muda wa kupata vibali hivyo imeandikwa na mtu asiyejua kazi hufanyikaje huku, na mhakiki makini ataliona hilo. Mweleze profesa wako kwamba kuipanga upya ratiba hiyo ndio mchango wako wa kwanza wa kitaalamu. Akikubali kusogeza uchambuzi wa awali Mwanza na kumsomesha mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, saini. Akikataa yote, subiri ombi lijalo.

SWALI: Je, inaruhusiwa kutumia akili mnemba kuandika andiko?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Inategemea mfadhili, basi soma masharti yake. NIH, kwa maombi yanayowasilishwa kuanzia Septemba 25, 2025, haikubali andiko lililotayarishwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba kuwa ni mawazo ya mwombaji mwenyewe, na imeweka ukomo wa maombi 6 kwa mtafiti mkuu kwa mwaka. Kusahihisha sarufi ni jambo tofauti na kubuniwa swali. Kila marejeo yaliyopendekezwa na programu hizo yafungue na uyasome mwenyewe, kwa sababu hutunga makala zisizokuwapo, na mtu anayetajwa kuwa mwandishi wa makala hiyo anaweza kuwa ndiye mhakiki wako.