Ekzosi ya Drag Star: Nairobi inanguruma vizuri, je, Mombasa?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina pikipiki ya Yamaha Drag Star 650 ya kabureta, niliinunua mitumba. Sailensa zimeliwa na kutu. Nimepata njia tatu: mabomba mafupi yaliyo wazi kutoka ng'ambo, sailensa peke yake za kuunganisha kwenye mabomba ya zamani, au fundi wa jua kali Kamukunji anikunjie mpya. Napenda ingurume, lakini Desemba nateremka nayo Mombasa, mama watoto akiwa nyuma. Nichukue ipi? Msomaji, South B.

JIBU: Chukua sailensa peke yake, mradi mabomba yanayotoka kwenye silinda bado ni mazima. Yagonge taratibu kwa mpini wa bisibisi upande wa chini, pale maji hutuama. Yakilia kama kengele, yana uhai. Yakitoa mlio mfu na unga mwekundu udondoke, hayo yamekwisha.

Mabomba mafupi achana nayo. Wapo watakaokwambia ubaya wake ni kwamba injini inahitaji moshi uzuiliwe kidogo ndipo ivute. Si hivyo. Hakuna injini inayopenda kuzibwa pumzi. Moshi ukitoka kwa kasi kwenye bomba lenye upana na urefu uliopigiwa hesabu, unaacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo unafagia mabaki kwenye silinda kabla valvu haijafunga. Bomba fupi linavuruga hesabu hiyo kwenye mizunguko ya chini, na Drag Star inavutia huko huko chini, karibu na mizunguko 3,000 kwa dakika. Utanguruma hadi walio kwenye matatu wageuke, lakini taa za Nyayo House zikiwaka kijani, mkiwa wawili, utaona inavyojikokota.

Sasa nije kwenye Mombasa, maana hapo ndipo watu huunguza injini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ila kabureta haijui hivyo. Inaendelea kumwaga mafuta karibu kama iko ufukweni. Kwa hiyo pikipiki nyingi zilizokuja na jeti za kiwandani, yaani vile vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta, huku kwetu mafuta yanazidi hewa. Ukifunga ekzosi iliyo wazi zaidi, hewa inaongezeka, mchanganyiko unakaa sawa, nawe unasema, "Hii kitu imeamka!" Imeamka kweli, ila kwa hewa ya Nairobi. Ukiteremka pwani hewa inakuwa nzito, mafuta ni yale yale, na injini inaanza kuchemka. Inapozwa kwa upepo tu, haina rejeta ya kuiokoa. Niliwahi kufungua plagi za mteja aliyerudi kutoka huko: nyeupe kama chaki, na bomba la mbele limegeuka buluu.

Dawa yake si ghali. Siku ya kufunga sailensa, mwambie fundi aweke jeti kuu yenye tundu kubwa zaidi kwa hatua moja, kisha msome plagi. Tafuta barabara tupu, kimbiza kwenye gia ya nne dakika chache, vuta klachi na uzime injini papo hapo, usiiache ikinguruma. Ikipoa, fungua plagi. Rangi ya mandazi yaliyoiva ndiyo tunayoitaka. Masizi meusi, mafuta yamezidi; nyeupe, yamepungua. Na mnapokwenda pwani, mkisimama Mtito Andei kunywa chai, fungua plagi tena. Hapo mmeshateremka karibu mita 1,000. Zikiwa zimeanza kupauka, weka jeti kubwa zaidi kabla ya kuendelea, kisha punguza mwendo, kwa hiyo beba jeti ya akiba mfukoni.

Fundi wa Kamukunji simdharau, wapo wenye mkono mzuri kuliko kiwanda. Shida ni bati. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na safari fupi za South B hadi mjini haziipi ekzosi muda wa kukauka, kwa hiyo bati jembamba linaoza kutoka ndani. Mwulize anatumia chuma gani, na kama ataweka kizuizi cha sauti ndani. Bila kizuizi utakosana na majirani, na kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira, inazisimamia.

Kabla hujalipa, mketi wote wawili juu ya pikipiki, mtu mwingine apime nafasi kati ya sailensa na ardhi. Matuta ya mitaani hayana huruma. Atazame pia mguu wa kulia wa mama watoto, usikaribie bomba.

Gasketi za zamani usizirudishe. Kiungo kikivuja, pikipiki inakohoa kila ukiachia gesi, na wengi hukimbilia kulaumu kabureta. Kaza nati injini ikiwa baridi, kisha urudie baada ya safari ya kwanza. Na zile sailensa za kiwandani, hata zikiwa na kutu, usimpe mtu wa vyuma chakavu. Atakayenunua pikipiki kwako huenda akaziulizia.