Kwa Nini Niliwatenganisha Kware na Kuku Wangu

Nilipoanza kufuga kware nilikuwa tayari na kuku wa kienyeji wapatao 40, katika banda la tofali lililo nyuma ya nyumba yangu hapa Mlandizi, wilayani Kibaha. Banda lilikuwa na nafasi, kware ni ndege wadogo, na fedha za kujenga banda jingine sikuwa nazo. Nilinunua kware 60 wa umri wa wiki tano, nikawaachia humo humo pamoja na kuku. Baada ya miezi minne walibaki 11. Naandika kwa sababu naulizwa mara kwa mara kama ndege hawa wanaweza kukaa pamoja, na mara nyingi anayeuliza ameshawachanganya.

Wengi hudhani kwamba tatizo ni kudonoana tu. Kudonoana kupo, na ni kukali. Kware wa Kijapani, ambaye ndiye tunayemfuga, ana uzito wa gramu 120 hadi 200 hivi, ilhali tetea wa kienyeji hupita kilo moja bila shida. Wakigombea chakula mahali pamoja, kware hudonolewa kichwani na kukanyagwa. Tena kware hutaga chini popote alipo, hana habari ya kiota, na kuku akishaonja yai moja lililovunjika huyatafuta mengine kila asubuhi. Nilipoteza kware wanane kwa kudonolewa na kukanyagwa katika mwezi wa kwanza. Nikaweka wavu katikati ya banda, kuku upande huu na kware upande ule, nikaamini kwamba nimemaliza kazi. Sakafu ilibaki ile ile, maranda yale yale, na maji niliwapelekea kwa ndoo moja. Hapo ndipo nilipokosea zaidi.

Mwezi wa pili nilinunua matetea sita mnadani na kuwaingiza bandani siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache kuku walianza kupiga chafya, macho yakavimba, na makamasi yenye harufu mbaya yakawatoka puani. Yalikuwa mafua ya kuku, ugonjwa unaosababishwa na bakteria na ambao huenea kwa urahisi kupitia maji ya kunywa na matone ya chafya. Kuku wangu walitibiwa, na karibu wote walipona. Kware walipougua, 23 walikufa. Lililonifundisha zaidi ni maelezo ya afisa mifugo wa kata yetu, aliyeniambia kwamba kuku aliyepona mafua haya huendelea kubeba vimelea, na huweza kuwaambukiza ndege wengine huku yeye mwenyewe akionekana mzima kabisa. Maana yake ni kwamba nisingeweza kumtambua kuku wa hatari kwa kumtazama, na wavu niliouweka haukuzuia chochote.

Kisha ukaja ugonjwa mwingine, ambao wafugaji wengi wa kuku hawaujui kwa sababu kuku huustahimili vizuri zaidi kuliko kware. Nilikuta kware wamekufa asubuhi wakiwa na miili iliyonona na chakula kooni, kana kwamba hawakuumwa hata saa moja. Waliodumu siku mbili tatu walijikunyata na kuharisha maji yenye weupe. Afisa mifugo alimpasua mmoja mbele yangu, akanionyesha vidonda vidogo vya manjano kwenye utumbo na mabaka kwenye ini. Huu ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo, na kware ni miongoni mwa ndege wanaoathirika nao vibaya kuliko wote. Bakteria wake hutoka na kinyesi na kujihifadhi kwenye udongo na maranda kwa muda mrefu sana, wala dawa za kawaida za kusafishia banda haziwamalizi kwa urahisi. Kware wanaotembea juu ya kinyesi cha kuku, na juu ya kinyesi chao wenyewe, hula vimelea hivyo kila wanapodonoa. Walikufa wengine 18.

Kuna pia mdondo, ugonjwa wa virusi uitwao pia kideri, na hapa hatari huelekea upande wa pili. Kware huweza kuambukizwa mdondo bila kuonyesha dalili kali, kisha akaupeleka kwa kuku, ambao kwao ugonjwa huu unaweza kumaliza kundi zima. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa hapa Kibaha na kutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, ni lazima kwa kuku wa mtu yeyote anayefuga na kware, hata kama amewatenganisha.

Kware 11 waliobaki niliwahamishia kwenye vizimba, na mpangilio huo ndio ninaoutumia hadi leo. Kizimba kina sakafu ya wavu wenye matundu madogo, ya chini ya nusu inchi, ili kinyesi kipite na miguu isinase. Chini yake kuna trei ya bati ninayoimwaga kila baada ya siku mbili, kwa kuwa kinyesi cha kware hutoa hewa kali inayochoma macho na kuharibu mapafu. Paa la kizimba liko sentimita 25 tu juu ya sakafu. Watu hunishangaa kwa hilo, lakini kware akishtuka huruka wima kwa nguvu zake zote, na katika banda refu hupata kasi ya kutosha kupasua kichwa kwenye boriti. Wavu wa karibu humzuia kabla hajaipata. Panya ni adui mwingine, na wavu wa kawaida wa kuku haumzuii.

Vizimba viko upande wa pili wa nyumba, hatua zipatazo 30 kutoka banda la kuku. Nilifikiri kwanza kuviweka upande upepo unakotokea, lakini kwetu Pwani upepo wa kusi na wa kaskazi hupishana kwa majira, kwa hiyo nilichagua umbali pamoja na ukuta wa nyumba katikati. Kila asubuhi nawahudumia kware kwanza, kisha kuku, na sirudi kwa kware hadi niwe nimenawa na kubadilisha viatu. Ndoo, mafagio na vyombo vya maji vya kware vimepakwa rangi nyekundu ili hata watoto wasikosee. Ndege yeyote ninayemnunua, kuku au kware, hukaa peke yake mwezi mzima kabla ya kujiunga na wenzake.

Chakula nacho kilinipa sababu nyingine ya kutojuta. Walipokuwa pamoja na kuku, kware wangu walikula chakula cha kuku wa mayai, chenye protini ya asilimia 16 au 17, na walianza kutaga wakiwa na wiki 10, ilhali kware aliyelishwa vizuri huanza wiki ya sita au ya saba. Vifaranga vya kware vinahitaji protini ya asilimia 24 hivi, na wanaotaga wanahitaji kama 20. Mimi hutumia chakula cha vifaranga vya kuku wa nyama, nikakisaga tena kiwe laini na kuongeza dagaa kidogo. Kware mzima hula gramu 20 hadi 25 tu kwa siku, hivyo gharama hiyo inabebeka.

Kuhusu vifaranga nitasema machache. Kifaranga cha kware huzaliwa na gramu saba au nane, hutotolewa siku ya 17 au 18 wakati kuku huchukua 21, na hufa maji kwenye chombo cha kunyweshea vifaranga vya kuku kama hukujaza kokoto ndani yake. Usivilee pamoja na vya kuku hata kwa siku mbili.

Ikiwa umeshawachanganya, waondoe kware leo, si mwisho wa mwezi, na uwapeleke mahali ambapo kuku hawajawahi kukanyaga. Kagua kila mmoja: mwenye jicho lililovimba au anayejikunyata mtenge peke yake, na ukiona kifo cha ghafla mpeleke mzoga kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo badala ya kununua dawa kwa kubahatisha. Maranda ya zamani yachome au yafukie mbali na maji. Kisha lile banda liache liwe la kuku, na usirudishe kware kwenye sakafu yake hata baada ya kulipiga chokaa na kuliacha wazi kwa msimu mzima.