Maswali na Majibu: Bekoni ya Oveni Haitaki Haraka

Bekoni yangu huungua pembeni huku mafuta ya katikati yakibaki meupe na malegevu. Nawasha oveni mpaka mwisho. Nakosea wapi? (Nakuru)

Hapo hapo kwenye "mpaka mwisho". Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado linaletwa vilevile. Mafuta ya bekoni yanahitaji muda wa kuyeyuka kabla nyama haijakauka. Ukiyakimbiza, nyama inaungua na mafuta yanabaki pale pale. Weka digrii 200. Kama oveni ina feni, 180 zinatosha. Panga vipande visilaliane, trei iwe katikati ya oveni. Vyembamba huchukua kama dakika 12 hadi 15, vinene 18 hadi 20, na oveni hazifanani, kwa hiyo kuanzia dakika ya 10 usibanduke jikoni. Mafuta yakianza kutoa povu dogo dogo juu ya nyama na rangi ikawa kahawia, toa. Itakuwa bado inalegea kidogo. Itakauka ikishapoa kwenye sahani. Anayesubiri ikaukie ndani ya oveni atakula makaa.

Lazima oveni ipate moto kwanza? (Moshi)

Si lazima. Ukianza na oveni baridi mafuta huyeyuka polepole na vipande havijikunji sana. Ongeza dakika chache tu.

Niigeuze? (Eldoret)

Hapana.

Naweza kutandika karatasi yoyote kwenye trei? (Arusha)

Yoyote? Jamani, tunazungumzia moto. Karatasi yenye nta itayeyuka na kufuka moshi. Tumia foili au karatasi ya kuokea, na trei iwe na kingo, maana mafuta yakimwagika chini ya oveni yanaweza kuwaka. Yakiwaka, zima oveni, acha mlango umefungwa, na usithubutu kumwagia maji.

Mbona bekoni ninayonunua Nairobi haitoki kavu kama ya Wamarekani? (Nairobi)

Kwa sababu si sehemu moja ya nguruwe. Wamarekani hutumia tumbo, lenye mistari mingi ya mafuta. Uliyonunua bila shaka ni ya mgongo, ile ya mtindo wa Kiingereza: pande la mnofu na ukingo wa mafuta. Hiyo huliwa ikiwa laini. Ukilazimisha ikauke unapata ngozi ya kiatu. Ukitaka ya kukatika kwa meno, tafuta pakiti ya tumbo.

Mafuta yanayobaki, nimwage kwenye sinki na maji ya moto? (Mombasa)

Usifanye hivyo hata siku moja. Maji hupoa njiani, mafuta yanaganda ndani ya bomba, na fundi atakuja kula pesa yako. Yaache yapoe kidogo, chuja, tia kwenye chupa ya glasi, weka kwenye friji. Kijiko kimoja kinatosha sufuria ya sukuma wiki. Onja kabla ya kutia chumvi, maana tayari imo. Na mgeni akiwa Mwislamu au Msabato, mboga hiyo usimpe. Kumficha mtu mafuta ya nguruwe ni kumkosea imani yake, na "hatajua" si jibu.

Kwa kuwa mafuta hutoka, bekoni ya oveni haina madhara, sivyo? Watoto wanaitaka kila asubuhi. (Thika)

Sivyo. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za kusindikwa, bekoni ikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ulikadiria kwamba kula gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Oveni haiondoi chumvi wala nitriti zilizotumika kuhifadhi nyama, na kuiunguza huzidisha kemikali mbaya. Kwa hiyo kila asubuhi, hapana. Wapikie mayai. Bekoni ikae kwa siku moja moja, na iokwe kwa moto wa kiasi.

Pakiti ilifunguliwa wiki mbili zilizopita, imeanza kunata. Nikiioka vizuri si itafaa? (Dodoma)

Tupa.